Maswali ya Wasomaji: Sanamu za Watawala wa Kale, Zishushwe au Ziachwe?

Katika toleo lililopita tulichapisha habari ya sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, ikang'olewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, ikarudi Ulaya na kusimamishwa tena Hamburg mwaka 1922, hadi wanafunzi wa chuo kikuu cha huko walipoiangusha mwaka 1967. Iliinuliwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo ikaishia stoo. Tuliwauliza wasomaji wanaonaje. Barua nyingi zilizotufikia ni za kanda ya ziwa, jambo ambalo halikunishangaza, kwa kuwa habari ile iliandikwa na mkazi wa Mwanza, na watu wa huku hawamwachi ndugu yao aongee peke yake. Nimechagua zile zinazogusa mambo yaliyoulizwa na wengi, nimezifupisha, na majina ya walioandika hayatajwi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Tuliposoma habari ya Wissmann darasani, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasema kwamba ukiiondoa sanamu umeifuta historia, na nusu ya darasa ikampigia makofi. Naomba jibu nitakaloweza kuwasomea. (Mwalimu, Ilemela)

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amesema lile linalosemwa na watu wazima wengi, wakiwemo viongozi wa nchi kubwa, kwa hiyo asikemewe. Mwombe tu achunguze ni kitu gani hasa kilichokuwa juu ya jukwaa lile la mawe. Sanamu ya Wissmann ilimwonyesha gavana amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama huku akiishusha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Katika shaba ile hamkuwamo Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889 wakati Wissmann alipokuwa akizima upinzani wa watu wa pwani, wala hamkuwamo miji iliyopigwa mizinga. Kilichokuwamo ni heshima, tena heshima iliyotolewa na watu fulani, kwa sababu zao, mbele ya macho ya watu waliotakiwa kuikubali. Habari za Wissmann na Abushiri unazifundisha wewe mwenyewe mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mwanafunzi mmoja anayehitaji kumwona Wissmann wa shaba ili aelewe.

Jambo la pili la kuwaonyesha ni tarehe, maana tarehe ya kusimamishwa kwa sanamu hueleza mengi kuliko sura yake. Edward Colston, mfanyabiashara wa Bristol nchini Uingereza, alifariki mwaka 1721, na sanamu yake ikajengwa mwaka 1895, miaka 174 baadaye. Kampuni aliyokuwa mmoja wa viongozi wake inakadiriwa kuwa, katika kipindi chake, ilisafirisha Waafrika wapatao 84,000 kuwapeleka utumwani, na kwamba 19,000 kati yao walifia njiani. Waliomjengea hawakuwa rafiki zake wala wajukuu waliomlilia. Walikuwa wakubwa wa mji wa wakati wao, waliotaka mji uwe na baba mwema wa kutazamwa. Nchini Marekani ni vivyo hivyo: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, lakini sanamu ya Jenerali Robert E. Lee katika mji wa Charlottesville ilisimamishwa mwaka 1924, wakati sheria za kuwabagua watu weusi zilipokuwa zimeshika mizizi katika majimbo ya kusini. Kwa hiyo anayesema sanamu ni historia anasema kweli nusu. Ni historia ya mwaka ilipojengwa zaidi kuliko ya mtu anayeonekana.

Halafu waulize kilichotokea baada ya kushushwa. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji walimvuta Colston kwa kamba, wakamburuta hadi bandarini na kumtupa majini. Siku nne baadaye halmashauri ya mji ilimwopoa, na baadaye akawekwa katika jumba la makumbusho la M Shed, amelazwa chali, na rangi alizomwagiwa bado ziko mwilini. Sidhani kama kuna wakati wowote ambapo watu wengi kiasi hicho, hata hapa kwetu, waliwahi kulijua jina la Colston. Mwenye nyumba anapoitoa picha ya babu yake ukutani sebuleni na kuitia katika albamu, babu hajafutwa katika ukoo. Ila wageni hawalazimiki tena kunywa chai chini ya macho yake. Mwanafunzi wako akiuliza kwa nini basi watu wanabishana hivyo, mjibu kwamba ubishi wote uko hapo hapo, katika sebule ni ya nani.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa Muleba, kwa sasa naishi Mwanza kwa mwanangu. Kwetu tulisimuliwa habari za kisiwa cha Bumbire na Mzungu aliyekuja kulipiza kisasi. Nimeambiwa huyo Mzungu ana sanamu huko kwao na kwamba watu walipiga kura iondolewe au ibaki. Ni kweli? Na walipopiga kura, kuna aliyekumbuka kuwauliza wa Bumbire? (Mama, Pasiansi)

JIBU: Ni kweli, mama, na barua yako ndiyo iliyonifanya niipe safu hii nzima mjadala huu. Mzungu huyo ni Henry Morton Stanley. Mwanzoni mwa mwaka 1875 alifika Kageye, si mbali na Mwanza, akaiunganisha boti yake iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, akalizunguka ziwa. Mwezi Aprili, akiwa njaani na watu wake wachache, alitia nanga Bumbire. Wenyeji waliizingira boti, wakaivuta nchi kavu, wakachukua makasia, na baada ya majadiliano marefu kushindikana Stanley aliondoka kwa kufyatua risasi. Mtu anaweza kusema hapo alikuwa anajiokoa. Lakini mwezi Agosti alirudi kwa makusudi, na safari hii alikuwa na mitumbwi mingi, wapiganaji wa Buganda na bunduki. Hakushuka. Alikaa majini, mahali ambapo mishale na mawe ya teo hayakumfikia, akawapiga risasi watu waliojipanga ufukoni. Makumi ya watu waliuawa na wengi zaidi wakajeruhiwa, na hilo hatulijui kwa uvumi, kwa kuwa aliliandika mwenyewe na kulipeleka katika magazeti yaliyomlipia safari.

Sanamu unayoiuliza iko Denbigh, mji mdogo wa Wales alikozaliwa. Si ya zamani hata kidogo: ilisimamishwa mwaka 2011, tayari watu wakiwa wameshasoma yote niliyoyaandika hapo juu, na pia kazi aliyomfanyia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji katika Kongo kati ya mwaka 1879 na 1884. Baada ya tukio la Bristol, halmashauri ya mji iliitisha kura ya maoni mwezi Oktoba 2021. Waliotaka sanamu ibaki walikuwa 592, waliotaka iondolewe 471. Imebaki.

Je, wa Bumbire waliulizwa? Hawakuulizwa, kwa sababu kura ilikuwa ya wakazi wa Denbigh. Nami, ingawa swali lako linaniuma, siwezi kusema kwamba walikosea kuipigia kura sanamu iliyo katika mtaa wao. Ningeona vibaya kama watu wa Wales wangetupangia sisi ni nani asimame katika mzunguko wa barabara zetu. Lakini kuna tofauti kati ya haki ya kuamua na wajibu wa kusikiliza. Watu 592 waliweza kupiga kura ile bila kusikia hata sauti moja kutoka kisiwa ambacho bado kina watu, bado kina wavuvi, na hakiko mbali kama kilivyokuwa mwaka 1875, maana barua pepe kutoka Muleba hufika Denbigh kabla kahawa haijapoa. Laiti ningekuwa diwani wa mji ule ningeomba jambo dogo tu kabla ya kura: asomewe kila mpiga kura ukurasa ule wa Agosti 1875, kwa maneno ya Stanley mwenyewe.

Na kwetu je? Wakati tunawalaumu wa Denbigh, tujiulize pia ni wangapi kati ya vijana wanaopanda meli ya Bukoba jioni wanaojua kwamba Bumbire ni zaidi ya kisiwa cha samaki. Mama, wewe uliyesimuliwa na wakubwa wako, ningekuomba umkalishe huyo mwanao na simu yake, akurekodi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimestaafu, nasoma sana, na nachoshwa na mtindo huu wa kuwahukumu wafu kwa vipimo vya leo. Wazungu wale waliishi katika zama zao. Wajukuu zetu nao watatuhukumu sisi kwa kula nyama au kuendesha magari ya mafuta. Tutafika wapi? (Mzee, Nyakato)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, mimi ndiye mdogo hapa. Hoja yako ina uzito, na kuna mahali nitakubaliana nawe, lakini kwanza naomba niondoe dhana moja. Mara nyingi tunaposema "vipimo vya zama zao" tunadhani kwamba watu wa zama zile wote waliona sawa, na ukisoma unakuta sivyo. Habari za Bumbire zilipofika London mwaka 1876, zilishutumiwa hadharani, hata miongoni mwa wanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Carl Peters, ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu, aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodja huko Kilimanjaro kati ya mwaka 1891 na 1892, na serikali yake yenyewe ilimfikisha mbele ya mahakama ya nidhamu na kumfukuza kazi mwaka 1897. Wajerumani wa zama zake walimwona mkosaji. Waliomsafisha jina ni waliokuja baadaye, wakiwemo Wanazi, ambao katika utawala wao Hannover ilimjengea mnara mwaka 1935. Kwa hiyo tukikataa kumheshimu Peters hatutumii kipimo cha leo. Tunatumia kile cha 1897. Mji wa Hannover, kwa njia, haukuubomoa mnara ule. Mwaka 1988 uliwekwa kibao kinachoueleza upya kuwa ukumbusho dhidi ya ukoloni, na uwanja uliokuwa na jina la Peters ukapewa la Bertha von Suttner, mwanamke aliyepigania amani.

Waafrika waliopigwa risasi nao walikuwa watu wa zama zile, mzee, nao walikuwa na maoni.

Mahali ninapokubaliana nawe ni kwa mtu ambaye mizani yake haitulii. Chukua mfano wa Robert Koch, ambaye kilima kimoja cha mji huu wa Mwanza kimewahi kuitwa kwa jina lake. Huyu ndiye aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Hakuna familia ya kanda hii ambayo haijafaidika na kazi ile kwa namna moja au nyingine. Mwaka 1906 alikuja ziwani kutafuta dawa ya malale, ugonjwa uliokuwa ukiteketeza pwani ya kaskazini ya ziwa na visiwa vya Sese. Huko Sese aliwadunga wagonjwa dawa yenye arseniki iitwayo atoksili, na nafuu ilipokuwa ya muda tu akaongeza kipimo. Baadhi yao wakapofuka, wala hawakuona tena. Wagonjwa wale hawakuwa na nafasi ya kukataa ambayo mgonjwa wa Berlin angekuwa nayo. Sasa mtu huyu utampimaje? Mimi sitaki jina la Koch lifutwe katika vitabu vya udaktari, wala sitaki daktari mwanafunzi wa Bugando amalize masomo bila kusikia habari za Sese. Kama kungekuwa na sanamu yake hapa ningeacha isimame, lakini kwa sharti kwamba maandishi yake yawe marefu.

Kuhusu wajukuu kutuhukumu, mzee, waache watuhukumu. Ndiyo kazi ya wajukuu.

SWALI: Mimi ni fundi wa injini za boti, Kirumba. Hapa Mwanza hatuna sanamu ya mkoloni yeyote. Tuna sanamu ya samaki. Kwa nini mnatujazia kurasa na ugomvi wa Wazungu wakati mafuta yamepanda na dagaa hakuna? (Fundi, Mwaloni)

JIBU: Fundi, kuhusu mafuta na dagaa umesema kweli, na gazeti hili halitaacha kuyaandika hayo. Hata hivyo, ukitoka hapo Mwaloni ukafika karibu na kivuko cha Kamanga, utaliona majini lile jiwe lililobebana na mengine kana kwamba litaanguka kesho, ambalo wageni hulipiga picha na sisi hulitia katika kalenda na fulana. Linaitwa Jiwe la Bismarck. Otto von Bismarck alikuwa kansela wa Ujerumani, mwenyeji wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ambako mataifa ya Ulaya yaliwekeana kanuni za kuigawana Afrika. Hakuwahi kukanyaga bara hili. Wajerumani waliondolewa Mwanza Julai 1916, na jina la mkubwa wao limebaki juu ya jiwe ambalo lilikuwepo kabla ya Ujerumani kuwa dola. Hatuna sanamu, ndiyo, lakini tuna jiwe linalofanya kazi ya sanamu bila gharama ya shaba.

Ukitazama ramani utakuta zaidi. Maji yaliyo kaskazini mashariki ya mji huu yanaitwa Ghuba ya Speke, kwa jina la John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kutoka kwenye kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake. Aliongozwa na watu waliokuwa wakijua njia, mmojawapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akafikishwa India, akarudi Afrika akiwa huru. Waganda waliliita na bado wanaliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Na meli yetu ya tangu 1961, MV Victoria, ilipokarabatiwa mwaka 2020 ilipewa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, yaani malkia wa Uingereza na kaulimbiu ya Rais Magufuli juu ya bati moja. Sijui nchi nyingine ambayo ingeweza kufanya hivyo bila mtu kucheka.

Ukiniuliza kama majina hayo yabadilishwe leo, nitakujibu kwamba kwa ziwa sina haraka. Ni la nchi tatu, jina lake liko katika mikataba, katika ramani za mabaharia na katika jina la Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, na jina ambalo upande mmoja utalichagua litawaudhi pande mbili. Lakini kwa jiwe lile ni aibu kwamba mtu anaweza kulitazama mwaka mzima bila kukuta kibao cha maana kinachomwambia Bismarck alikuwa nani na alihusikaje nasi. Hilo halihitaji mkutano wa Berlin. Linahitaji bati, rangi na aya mbili za Kiswahili.

Kisha kuna jambo ambalo mji huu umelifanya vizuri na haujisifu. Kisiwa kinachotazamana na Capri Point, ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, kinaitwa Saanane, kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi hapo kabla serikali haijakichukua katika miaka ya 1960. Hakuwa gavana wala mpelelezi. Alikuwa mtu wa kazi kama wewe, fundi.

SWALI: Mhariri, sisi vijana tunaona mazungumzo yamezidi. Bristol hawakusubiri kikao. Mtu akiangusha sanamu ya dhalimu, ana kosa gani? (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Ana kosa la jinai, kijana wangu. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na sheria haiulizi kama mali hiyo ilikuwa nzuri. Wanne walioshtakiwa Bristol waliachiwa huru Januari 2022 na baraza la raia kumi na wawili, na sisi hatuna utaratibu huo mahakamani, kwa hiyo usiweke matumaini yako hapo. Soma badala yake kisa cha Chuo Kikuu cha Cape Town. Tarehe 9 Machi 2015 mwanafunzi mmoja aliimwagia kinyesi sanamu ya Cecil Rhodes, Mwingereza aliyeongoza ukoloni kusini mwa Afrika, kitendo ambacho singekushauri. Lakini wenzake walikitumia kufungua mjadala, wakakaa ofisini, wakaandika hoja, baraza la chuo likapiga kura, na tarehe 9 Aprili sanamu ikainuliwa kwa kreni mchana kweupe mbele ya umati. Mwezi mmoja. Katika chuo cha Oriel, Oxford nchini Uingereza, Rhodes mwingine bado yuko ukutani, kwa sababu mwaka 2021 chuo kilisema gharama na taratibu za kisheria ni kubwa mno.

Hasira za barabarani zina hatari nyingine: hazichagui vizuri. Mwaka 2015 huko Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu, kundi la watu liliushambulia mnara uliojengwa na jumuiya ya Masingasinga, watu ambao wameishi katika mji ule kwa vizazi.

SWALI: Mmesema sana juu ya Wazungu. Na sanamu za viongozi wetu je? Hizo haziwezi kujadiliwa? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Zinaweza, na zilishajadiliwa kwa nyundo. Kwame Nkrumah alisimamishiwa sanamu mjini Accra angali hai na madarakani. Alipopinduliwa Februari 1966 umati uliiangusha, ikavunjika. Kichwa kilihifadhiwa, kikarudi baada ya miaka mingi, na leo ukienda katika bustani ya kumbukumbu yake, iliyofunguliwa mwaka 1992, utakuta kiwiliwili kisicho na kichwa kimesimama mahali pake na kichwa kiko peke yake pembeni, karibu na sanamu mpya. Tangu 2012 ana nyingine Addis Ababa, katika makao ya Umoja wa Afrika, na Februari 2024 Mwalimu Nyerere naye akawekewa ya kwake huko, miaka ishirini na minne na zaidi baada ya kifo chake. Mimi napenda kusubiri kwa namna hiyo. Mtu aliye hai asijengewe sanamu, na anayemaliza muda wake asijijengee.

Wewe ni jirani wa Butiama, kwa hiyo nitasema na lingine, ingawa najua baadhi ya wasomaji watanuna. Mwalimu anastahili shaba yake. Lakini katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa, na wapo wazee katika mikoa ya ziwa wanaokumbuka. Kama tunaidai Denbigh ukurasa wa Bumbire, hatuwezi kukataa aya hiyo chini ya sanamu ya Mwalimu. Naamini yeye mwenyewe, aliyekuwa hodari wa kukosoa, asingeikataa.

Uliongeza katika barua yako swali juu ya Gandhi. Chuo Kikuu cha Ghana kilisimamishiwa sanamu yake mwaka 2016 na kikaiondoa Desemba 2018, baada ya wahadhiri kuonyesha maneno ya dharau aliyoyaandika juu ya Waafrika alipokuwa kijana Afrika Kusini. Jinja, kwenye chanzo cha Nile, kichwa chake cha shaba kipo tangu 1997, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilitawanywa katika mto ule. Sioni mgongano. Ni watu wawili tofauti waliotoa majibu tofauti, kila mmoja kwake.

SWALI: Kisheria, nani ana mamlaka juu ya minara hii? Na kama Mwanza ingejenga sanamu mpya, wewe ungependa iwe ya nani? (Msomaji, Mkolani)

JIBU: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na minara ya kabla ya mwaka uliowekwa ndani yake. Vya baada ya hapo, na karibu minara yote ya kikoloni ni ya baada ya hapo, hulindwa pale waziri anapovitangaza. Kwa hiyo kabla mtu hajagusa nguzo au kibao chochote cha zamani, aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, kisha halmashauri yenye eneo. Kujenga kipya ni suala la halmashauri na madiwani, na hapo mwananchi ana mlango, kwa kuwa diwani wako unamjua na mikutano ya mtaa ipo.

Chaguo langu ni wapagazi. Wasukuma na Wanyamwezi waliobeba pembe, nguo, chumvi na vipande vya boti za watu kutoka pwani hadi ziwani kwa karne nzima, na ambao katika Vita vya Kwanza vya Dunia walikufa makumi kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliosimamishwa mwaka 1927 mahali alipokuwa Wissmann, unawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini anayeonekana juu ni askari na bunduki yake. Ningependa huku awepo mwanamume na mwanamke, maana wanawake nao walisafiri na misafara, mizigo iko kichwani na begani. Fedha zichangwe hapa hapa, na mchongaji apatikane kwa mashindano. Mfano wa udongo uwekwe wazi Bujora, katika makumbusho ya Wasukuma, wazee wauone na kuusema kabla shaba haijamiminwa. Anayetaka kulipinga pendekezo hili atuandikie kabla ya toleo lijalo. Barua zisizozidi ukurasa mmoja zitapewa nafasi kwanza.